Kanda za Marehemu Mama

Muhula mpya hauingii nyumbani bila ya kudai nafasi. Vitabu na daftari za watoto zimeongezeka, na kabati pekee lililosalia lilikuwa limejaa kanda za marehemu mama: Zuhura Swaleh, na Juma Bhalo kwa wingi.

Unyevu wa pwani hauna huruma. Zilizoota ukungu tulizitoa bila ya mjadala. Zilizolegea utepe tulizikaza kwa penseli mpya za shule, ambazo kwa kazi hiyo hazina mfano.

Mwana wetu wa gredi ya sita aliuliza mbona Bhalo aimba kama ushairi wa darasani. Ni ushairi hasa! Nyimbo zake nyingi zilitungwa na Ahmad Nassir, mwenye diwani ya *Malenga wa Mvita* ya mwaka 1971. Hizo tumezibakisha, mizani huingia sikioni upesi kuliko ubaoni.

Kaka yetu alitaka zote zitoke, kwani hapendi muziki nyumbani, nasi rai yake twaiheshimu. Lakini palikuwa na kanda moja isiyo na jina: arusi ya wanawake, na katikati ya vigelegele, sauti ya mama akimhimiza mmoja wetu akalale, kesho kuna shule. Hiyo hatuiazimishi wala hatuinakili, maana zimo sauti za majirani waliokuwa faraghani. Kaka, alipopata habari, aliomba asikilizishwe pale tu mama anaposema.