Kompyuta Ilinionya, Nikajifanya Mjuaji

Wasee, niliacha chuo nikiamini hakuna mtu wa kunifunza kompyuta. Hapa Dandora Phase 4 nina mashine mbili kuukuu, zinashea diski moja kwa netiweki. Ndani ya moja kulikuwa na mashine pepe, na ndani yake mahojiano niliyomfanyia shosho kabla atuache.

Siku moja nikaihamisha kwa mashine ya pili ikiwa bado inafanya kazi. Libvirt ikakataa: kache ya diski imewashwa, data inaweza kuharibika. Mimi huyo, nikaongeza `--unsafe`, nikalazimisha.

Kumbe kila kompyuta hushika nakala ya diski kwa RAM ndio iende mbio. Ile ya pili ilikuwa imesoma diski mapema, ikabaki na habari za zamani, kisha ikaziandika juu ya mpya. Sauti ya shosho ilibaki dakika 4.

Dawa ilikuwa kuweka `cache=none`, mashine pepe iandike diskini bila kupitia hiyo RAM. Na nakala nyingine kando, hiyo ni lazima.

Chuo niliacha, sawa. Kusoma siachi tena, hata kama ni onyo la mstari mmoja.