Ndoana Isiyo na Chambo

Maswali tuletewayo baada ya darsa aghalabu hujirudia: talaka, mirathi, deni, mkopo wa benki. Miezi michache iliyopita tulipata swali ambalo hatukuwahi kuulizwa katika miaka yetu yote ya kusomesha. Nalo halikutoka msikitini. Lilitujia kwa simu kutoka Nakuru, kwa binti yetu mkubwa. "Baba," alisema, "yafaa mtu kumvua samaki kwa ndoana, kisha akamrudisha mtoni akiwa hai?"

Msomaji wa pwani atatabasamu. Kwetu samaki aliyekwisha kuingia mashuani harudi baharini, ila awe ni bunju. Lakini tulisikia katika sauti yake kwamba nyuma ya swali hilo palikuwa na jingine, nasi tukamwambia asubiri. Walimu wetu wa madrasa walitufundisha kwamba hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo lenyewe, na jambo hili hatukulijua.

Hatuna budi kueleza hali ya nyumba ile. Binti yetu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akinunua viazi Kinangop na kuvileta Mombasa; huenda msomaji amekula viazi karai vilivyopita katika mikono yake. Alifariki miaka miwili iliyopita kwa ajali ya barabarani, akaacha mke na mtoto mmoja wa kiume, ambaye sasa ana miaka 12. Mama alikaa eda yake, akarudi kazini. Mtoto hakulia sana. Alinyamaza. Mwalimu wake wa darasa aliandika mara mbili kwamba akiulizwa hajibu, na nyumbani alikuwa akila chakula chake na kwenda kulala hata jua halijazama vyema.

Ami zake walikutana Mombasa wakaona kwamba mtoto wa kiume asiye na baba aletwe pwani, alelewe katika jamaa zake. Hoja yao haikuwa ya uovu, na mwenye kuidharau hajui uzito wa yatima. Mama hakutaka. Kazi yake iko Nakuru, nyumba iko Nakuru, na kaburi la mumewe liko Nakuru. Basi pande zote mbili zikatutazama sisi tutoe neno.

Katika hali hiyo ndipo zilipoanza kuvuma habari za mitoni. Mzee mmoja Mkikuyu wa Kinangop, ambaye marehemu alikuwa akinunua viazi kwake, na ambaye katika ujana wake alifanya kazi katika idara ya uvuvi, alikuja kutoa pole. Alipoondoka alimwambia mama amlete kijana siku ya Jumamosi. Wakaenda Jumamosi hiyo, na iliyofuata, na nyingine. Si muda, Mombasa ikasemwa kwamba mjane wa fulani yuazurura mitoni na mwanawe, amevaa mabuti ya mpira. Mabuti ni kweli. Matope ya Kinangop hayajui viatu vya harusi.

Likizo ya Agosti tulipanda treni hadi Nairobi, kisha matatu hadi Nakuru. Kijana alitupokea, akatubusu mkono, akachukua mfuko wetu. Kabla hatujamaliza chai alikuwa ametuletea kisanduku cha bati chenye vidude vilivyopangwa safu safu juu ya sifongo, kila kimoja kidogo kuliko kunde. Akasema, "Babu, hawa ni nzi." Lilikuwa neno la kwanza alilotuambia bila ya kuulizwa tangu baba yake azikwe.

Nzi hao ni ndoana ndogo zilizovishwa uzi na unyoya. Unyoya mzuri, kwa maelezo yake, hutoka shingoni mwa jogoo, nao hufungwa kwa uzi mpaka ndoana ifanane na mdudu wa mtoni: ama aliyekomaa, ambaye hutua juu ya maji, ama mchanga, ambaye huishi chini ya mawe kabla ya kuota mbawa. Wavuvi wetu wanaorambaza wanazijua hila za namna hii, kwani nao hukokota chambo cha bandia nyuma ya mashua. Tofauti ni uzito. Mvuvi wa mshipi wa pwani hutupa chubwi, na chubwi huuvuta mshipi. Nzi wa unyoya hana uzito wowote. Ukimtupa kwa mkono hafiki hata hatua mbili. Kwa hiyo watu wa kazi hii wameugeuza utaratibu: mshipi wenyewe ndio uliofanywa mnene na mzito, na ufito mrefu mwembamba ukiurusha, mshipi ndio umchukuao nzi. Mwishoni hufungwa uzi mwembamba usioonekana majini, ili samaki asiuone ule mnene.

Samaki atafutwaye huitwa trauti, naye ni mgeni kama sisi katika nchi ile. Mito ya milima ya Nyandarua haikuwa naye mpaka mwaka 1905, mlowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan, alipoagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Scotland, samaki wakatiwa katika mto Gura. Miaka michache baadaye ikaletwa aina nyingine kutoka Afrika Kusini, yenye mstari mwekundu ubavuni, iitwayo trauti wa upinde wa mvua. Walowezi walitaka mchezo waliouzoea kwao. Wao waliondoka, samaki akabaki, akazaana.

Usimtafute katika Ziwa Nakuru. Maji yale ni ya magadi, na humo mna kisamaki cha jamii ya perege kilichohamishwa kutoka Ziwa Magadi katika karne iliyopita ili kile viluwiluwi vya mbu. Trauti hutaka maji baridi, safi, yaendayo mbio juu ya mawe, yenye hewa nyingi ndani yake. Yakipata joto hudhoofika na hata hufa. Kwa hiyo mwenye kumtaka hana budi kupanda. Tulipita Gilgil, tukateremka hadi Naivasha, kisha tukakunja kupanda nyanda za Kinangop, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Huko mna vijito vishukavyo kutoka Nyandarua na kuingia mto Malewa, ambao ndio mlishi mkubwa wa Ziwa Naivasha. Mmoja wa mito hiyo, Turasha, umezuiwa kwa bwawa, na maji yake hutumwa kwa mabomba hadi Gilgil na Nakuru. Kijana alitueleza hayo njiani, akaongeza kwamba maji ya udhu wetu wa alfajiri pengine yalipita mbele ya trauti. Mama yake akageuza uso dirishani.

Mzee alitupokea kwa heshima kubwa, akituita "Sheikh" kila sentensi, na kijana akimwita "guka", ambalo ni babu kwa Kikuyu. Hatutaficha kwamba neno lile lilituchoma kidogo. Mkewe alikuwapo, naye ndiye akaaye na binti yetu chini ya mti, mmoja akichambua maharagwe na mwingine akisahihisha madaftari. Tunalitaja hili kwa ajili ya waliosema mengi bila ya kuona.

Somo la kwanza la mzee halifanywi mtoni. Hufanywa malishoni, kwenye nyasi, na ndoana ikiwa imeondolewa. Mwanafunzi huinua ufito upesi na kuusimamisha unapopita bega kidogo tu, mshipi ukaruka nyuma yake, kisha hungoja. Kungoja huko ndiko kazi yenyewe. Mshipi lazima unyooke wote hewani, nyuma, mahali asipopaona, ndipo aurudishe mbele. Akiharakisha, mshipi hupiga kama mjeledi na ndoana hukatika. Akichelewa, huanguka majanini. Hakuna wa kumwambia sasa. Huusikia mkononi, kama mpishi ausikiavyo unga uliokwisha kukandika.

Kijana alifanywa arudie hayo kwa Jumamosi tatu nzima bila ya kuyagusa maji. Mama anasema Jumamosi ya pili aliutupa ufito chini akaenda kukaa peke yake penye ua. Mzee hakumfuata wala hakumsemesha. Aliuokota, akaendelea kurusha mshipi yeye mwenyewe, mbele na nyuma, kwa muda wa kama nusu saa, mpaka kijana aliporejea na kuuliza, "Guka, wahesabu ngapi?" Akajibiwa kwamba hahesabu. Baada ya hapo kijana akawa na maswali.

Nasi pia tulishikishwa ufito. Mzee alisimama nyuma yetu, na kijana kando akituamrisha: "Ngoja, babu. Ngoja. Haya." Kanzu si vazi la kazi hii, mshipi ulitukamata mabegani mara nyingi, na yule aliyekuwa hasemi darasani alitusomesha kwa sauti ya mwalimu wa Kurani. Karibu na adhuhuri tulifikisha mshipi ulionyooka mara nne kwa mfuatano. Alisema, "Si mbaya."

Mtoni mambo hubadilika. Trauti husimama akielekea mto utokako, kwa maana chakula huja na maji. Kwa hiyo mvuvi humwendea kwa nyuma, kutoka chini ya mto, taratibu, bila ya kivuli chake kuangukia maji. Kijana aliingia hadi magotini. Alirusha mara nyingi tusizoweza kuzihesabu. Samaki alipomchukua nzi, hapakuwa na kelele, mshipi ulisita tu, naye akauinua ufito. Mikono yake ilitetemeka, sauti yake haikutetemeka. Alilowesha viganja kabla ya kumgusa, kwani mkono mkavu humbandua samaki utelezi wake umkingao na maradhi. Alikuwa mfupi kuliko kiganja. Ndoana ilitoka kwa urahisi, kwa sababu mzee huzibana kwa koleo vijino vizuiavyo samaki kuchomoka. Kijana akamshika majini, kichwa kikielekea mkondo, mpaka aliporudiwa na nguvu akaenda zake.

Hapo swali likawa mbele yetu, likiwa na magamba.

Kuvua si neno la kubishaniwa. Suratul Maida imehalalisha mawindo ya majini, na wanazuoni wameingiza humo ya mito na ya maziwa; wala samaki hahitaji kuchinjwa. Pia imethibiti kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kukataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya kuchezea. Basi mtu aendaye mtoni hali ameazimia tangu nyumbani kwamba hatakula samaki hata mmoja, atawatoboa midomo kumi au ishirini kwa ajili ya furaha ya kuwavuta, kisha awaachie na kujiita mpole, huyo sisi hatuoni njia ya kumtetea. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameikataa hali hiyo waziwazi, nasi tunawafuata. Kuna watu wema walioshika kwamba kuachia ndiko huruma yote. Huruma ya kwanza, kwa maoni yetu, ni kutomtoboa bila ya haja.

Lakini aendaye kutafuta kitoweo, akapata mdogo asiyefaa chungu, kumrudisha ni wema na ni akiba. Tulimwekea kijana mpaka wa namna hii: nenda kwa nia ya kula; mdogo mrudishe; ukipata wanaowatosha watu wa nyumbani, kunja mshipi hata kama jua bado liko juu. Mzee alisikiliza, akasema kwamba yeye mwenyewe hufanya karibu hivyo, ingawa hakusomeshwa na sheikh. Kijana aliuliza, "Na nikipata wa kututosha kwa mrusho wa kwanza?" Tukamwambia siku hiyo atarudi nyumbani mapema. Hakupendezwa, ila alikubali.

Alasiri alipata wawili wa kufaa, mmoja kama mkono hadi kiwiko. Alikunja.

Usiku ule tuliwapigia simu ami zake. Tuliwaambia kwamba kwa rai yetu kijana abaki na mama yake, na kwamba haki yao kwake ipo palepale: ada ya shule wasaidie, likizo wampokee, na wamzoeze bahari kama baba yake alivyozoezwa. Mkubwa wao alinyamaza muda mrefu. Aliuliza kama tumempata mtu wa kumwangalia. Tukamweleza habari za mzee. Akauliza kama ni Mwislamu, tukasema si Mwislamu, bali ni mtu aliyekuja kutoa pole na hakuacha kuja, na kwamba kijana husimama kuswali adhuhuri kando ya mto hali mzee amemshikia ufito. Akasema atafikiri. Hajatupa jibu kamili hadi tuandikapo haya, ila wiki iliyopita ametuma pesa za sare ya shule.

Nazi tulikuwa tumezichukua kutoka Mombasa, tatu, zimefungwa katika kikoi. Binti yetu alizikuna, akawachoma wale trauti juu ya makaa, akawapaka. Nyama yake ni laini, ya rangi ya waridi hafifu, na miba ni midogo lakini mingi. Wenye watoto wachanga waangalie. Kijana alikula akasimulia jinsi kila mmoja alivyonaswa, akamkatiza mama yake mara mbili, naye hakumkemea.

Desemba atakuja pwani. Ameuliza kama ufito wake utastahimili maji ya chumvi, na mzee amemwambia auoshe kwa maji baridi ya mfereji kila jioni. Tumekwisha kumtafutia nahodha.