Bibi Aliposimama Mkutanoni

Ilikuwa mkutano wa mtaa huku Nkuhungu, ajenda mtaro wa maji ya mvua. Bibi mmoja akasimama, akasalimia, "Mbukwenyi," kisha akaendelea kwa Kigogo. Wageni wa mikoani wakaanza kuguna. Mwenyekiti akamwomba kwa upole, "Bibi, tumia Kiswahili ili wote tuelewe." Akatafuta maneno, akayakosa, akakaa.

Mimi nilielewa kila neno: mtaro unamwagia maji jikoni kwake. Nilikuwa na daftari mkononi, mwandishi wa habari mzima, nikanyamaza.

Usiku nikakumbuka Aabenraa, manispaa ya kusini mwa Denmark. Baada ya kura ya 1920 mpaka ulihamishwa, Wajerumani kadhaa wakajikuta ndani ya Denmark. Leo wana shule zao, na chama chao kina madiwani. Tamko la 1955 lilisema wazi: ukijiita Mjerumani, afisa hana ruhusa ya kukuhoji.

Sisi ni hadithi nyingine. Makabila zaidi ya 120 yangeelewana vipi bila Kiswahili? Na tangu 1973 Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu, mji huu ni wa wote. Sidai vibao vya Kigogo. Lakini mkutano wa mtaa ndiyo serikali pekee ambayo bibi yule anaifikia kwa miguu.

Kesho yake nilimfuata kwake, nikamsalimia kwa Kigogo. Akanitazama.

"Kumbe unasikia, mjukuu wangu? Sasa jana ulinyamaza nini?"