Mnara wa Siloamu

Asubuhi huwa nasoma kabla ng'ombe hawajatoka. Biblia kwanza, halafu chochote kilichopo: gazeti la wiki iliyopita, au Hadithi za Wairaqw wa Tanzania za W. D. Kamera, kitabu nilichokwisha kukiazimisha mara tatu na, ajabu, kikarudi mara tatu. Redio inaongea pembeni. Mama watoto anasema mtu hawezi kusoma na kusikiliza kwa pamoja. Labda ni kweli.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 nilikuwa napitia mahubiri ya Majilio, simu zikaanza kuita. Mlima Hanang umeporomoka. Mwamba laini ulikuwa umelowa mvua ukashindwa kujishikilia, tope likashuka na mawe na miti mizima mpaka Gendabi na mjini Katesh. Walikufa watu zaidi ya 80. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha safari.

Siku chache baadaye nilitoka huku Mbulu kwenda Katesh, nikiwa nimeandaa Luka 13, habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18. Yesu anauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe: hapana. Kisha anatoa onyo juu ya kutubu. Nakiri, kwa miaka mingi nimehubiri onyo tu. Ile hapana nilikuwa naipita kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria. Na wiki ile, njiani na misibani, nilishasikia watu wakisema eti Katesh kulikuwa na ulevi, kulikuwa na hili na lile. Kana kwamba kwetu Mbulu hatunywi!

Basi nikaikazia ile hapana, na nikajiona nimefanya vizuri. Baada ya ibada bibi mmoja aliyefiwa na mjukuu akaniita kando.

"Mwanangu, hao kumi na nane mbona hawajaandikwa majina?"

Nikamwambia Luka hakuyaandika.

"Lakini walikuwa na bibi zao."

"Walikuwa nao, bibi."

Akanyamaza kidogo, akasema Looaa anayajua. Yeye bado anamwita Mungu kwa jina hilo la wazee wetu, ambalo kwa Kiiraqw ni la kike. Kuna wenzangu wangemsahihisha. Mimi nilikuwa sina la kusahihisha.

Kazi ngumu ilikuja baadaye. Huku tunaishi kwa mvua. Hata katika slufay, ile sala ndefu ambayo mzee mmoja anasema na wengine wanaitikia, mvua ni baraka, inaombwa pamoja na amani na uzima wa watoto na mifugo. Msimu uliofuata waumini wakataka tuombee mvua. Bibi yule alishahamia kwa mwanawe, hukuhuku kwetu, akawa amekaa benchi la mbele.

Nikasimama, nikafumba macho, neno likanikwama kooni. Sijui nilikaa kimya muda gani, mtu akakohoa. Mwishowe nikaomba mvua ya kiasi. Bibi akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Nje akanishika mkono.

"Kiasi gani, mwanangu? Umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia.