Boneti ya Mwaka Gani?

Riwaya yangu iliharibika kwa sababu ya boneti. Nasema iliharibika, ingawa rafiki yangu mmoja ambaye naye huandika anadai kwamba ndiyo kwanza imeanza kuwa riwaya. Tutaona.

Nyumbani kwa nyanya yangu, Kariobangi, kuna picha moja ukutani, kando ya kalenda. Ni nyeusi na nyeupe, si kubwa kupita kiganja. Ndani yake kaka yake nyanya, ambaye sisi wajukuu tunamwita Babu Detroit, ameegemea gari, amevaa miwani ya jua na tai nyembamba, anacheka kama mtu aliyeshinda kesi. Aliondoka mwaka 1960 na zile ndege za wanafunzi za enzi za Tom Mboya. Alisoma kidogo, kisha akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha magari, na barua zikawa zinakuja mara moja moja. Nyuma ya picha pameandikwa kwa wino wa buluu: Detroit, 1967. Baada ya hapo kimya. Na kwa kuwa Julai 1967 mji wa Detroit uliwaka moto kwa siku tano na watu 43 wakafa, ukoo ulikaa, ukaamua. Misa ikasomwa. Nyanya akanyoa nywele.

Stori kama hiyo, ndugu msomaji, mwandishi chipukizi ataiachaje? Nilipomaliza Form Four, na chuo hakuna, nilinunua madaftari manne nikaanza. Sura ya kwanza: Babu Detroit anaendesha Mustang yake usiku kuelekea Barabara ya 12, ambako ghasia zilianzia, moshi mbele, ving'ora nyuma. Niliandika kurasa arobaini kwa mkono. Zilikuwa tamu, wallahi. Kasoro moja tu: gari lenyewe nililiita "gari zuri jeusi." Hata mtoto wa darasa la sita huandika hivyo. Nikaona aibu, nikaitoa picha ukutani nikaenda nayo kwa fundi mmoja wa bodi hapo kwenye magereji yetu, mzee ambaye amenyoosha mabati tangu kabla sijazaliwa.

Aliishika kwa ncha za vidole vyenye puti. Akauliza, "Boneti hii ni ya mwaka gani?"

Nikamwambia 67, imeandikwa nyuma.

"Sikuulizi picha. Nakuuliza boneti."

Basi nikaingia shule ya pili, ya boneti. Nilisoma magazeti makuukuu ya magari ninayonunua kwa wauza vitabu wa barabarani, nikamaliza bando za simu. Mambo niliyoyakuta sikuyatarajia. Wamarekani wana magari wanayoyaita ya misuli: bodi ya ukubwa wa kati, bei ambayo kijana mwenye mshahara angeweza kuikopea, na injini kubwa ya V8 iliyopaswa kuwa kwenye gari la tajiri. Wengi huanzia hesabu kwa Pontiac GTO ya 1964, yenye injini ya inchi za ujazo 389, yaani kama lita 6.4. Boneti yake ilikuwa na pua mbili za kuvuta hewa, na zote mbili zilikuwa za uongo! Zimezibwa, pambo tu.

Baadaye pua zikawa za kweli. Sababu yake ni rahisi. Hewa iliyo ndani ya boneti imeshapashwa moto na injini, ni nyepesi. Hewa ya nje ni ya baridi, imeshiba oksijeni, kwa hiyo injini huweza kuchoma petroli nyingi zaidi. Ila kila kampuni ilikuwa na akili yake. Chevelle SS ya 1970, ile ya inchi 454 na nguvu za farasi 450, ilikuwa na kifuniko nyuma ya boneti, karibu na kioo cha mbele, maana upepo ukigonga kioo hubanana pale. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, kifuniko chafunguka chenyewe. Plymouth Road Runner ya mwaka huohuo ilikuwa na swichi kwa dereva: ukiibonyeza, mlango mdogo wainuka katikati ya boneti, na ubavuni mwake yamechorwa meno. Fikiria umesimama kwenye taa Woodward Avenue, walikokuwa wakishindana usiku, na gari la jirani linakuonyesha meno.

Lakini iliyoniua mimi ni ya Mustang. Mnamo mwaka wa modeli wa 1969 Ford walitoa pua isiyofungwa kwenye boneti kabisa. Imefungwa kwenye injini, juu ya kichungi cha hewa, na boneti imetobolewa tundu ili pua itokeze. Injini ikinguruma hujipinda kidogo, na pua ile hutikisika mbele ya macho ya dereva kama kitu kilicho hai. Wakaiita kwa jina la kutikisika.

Nikaiangalia picha. Tundu lipo. Pua imetokeza.

Nikatazama taa za mbele, ambazo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuzihesabu. Nne. Mustang za 1967 zina mbili, za 1968 mbili, na ya 1970 ikarudia mbili. Nne ni ya 1969 tu, na modeli hiyo ilianza kuuzwa katika nusu ya pili ya 1968. Ubavuni, mbele ya gurudumu, kuna kijitaa. Sheria ya kule ililazimisha taa au viakisi vya ubavuni kuanzia tarehe 1 Januari 1968.

Nilirudi kwa fundi mbio. Hakushangaa hata kidogo. "Boneti ni kofia, kijana," alisema. "Bolti nne, unaitoa, unavika nyingine. Usimtambue mtu kwa kofia." Alinikata maini. Tena alikuwa na haki. Katika mchezo wa televisheni wa The Dukes of Hazzard walichukua hata Dodge Charger za 1968, wakabadilisha grili na taa za nyuma, zikapita kama za 1969. Wenye magari nao hawakungoja. Gari likitoka dukani leo, kesho linafunguliwa: kabureta ya Holley, manifoldi ya Edelbrock, gia ya Hurst, rimu za Cragar. Ndiyo maana magari ya namna hiyo wanayaita ya siku ya pili, na leo kuna watu wanaoyarekebisha kwa masharti kwamba kila kilichoongezwa kiwe kilikuwa kinauzwa miaka ile. Boneti ya plastiki ya juzi hawaitaki hata kwa bure. (Mimi nawaunga mkono kuliko wale wanaorudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Gari lililoishi na mtu lazima libebe ujinga wa mtu huyo.)

Nilikuwa ndani ya matatu, nimebanwa kati ya mama na gunia la viazi, ndipo jibu likanijia. Fundi alikuwa na haki kuhusu gari, si kuhusu picha. Gari linaweza kuwa zee na boneti changa. Picha haiwezi kupigwa kabla kitu kichanga kabisa kilichomo ndani yake hakijatengenezwa. Hata kama Babu Detroit alikopa boneti, alikopa taa, alikopa gari zima ili apigwe picha, kama wazee wetu walivyosimama studioni kando ya ndege iliyochorwa ukutani, Julai 1967 vitu hivyo havikuwako duniani. Na yeye yuko hapo, anacheka.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Rafiki yangu akaniambia niache sura ya kwanza kama ilivyo, riwaya ni ya kubuni, nani ataenda kuhesabu taa? Lakini nilikuwa nimeshazihesabu. Kalamu ilikataa.

Jumapili moja nikamwambia Nyanya. Nilimweleza polepole, boneti, taa, kijitaa cha ubavuni. Aliivaa miwani, akaishika picha karibu na dirisha.

"Mwandiko huu wa nyuma ni wa marehemu babu yako," akasema. "Picha ilikuja peke yake ndani ya bahasha, bila barua. Mwaka aliuandika yeye baadaye sana, tulipokuwa tunakumbushana."

Nikanyamaza.

"Kwa hiyo ile misa tulimsomea mtu mzima."

"Ndiyo, Nyanya."

Alicheka, kisha akaacha. Kidole chake kikashuka hadi kwenye gurudumu, penye rimu inayong'aa kuliko kitu chochote kwenye picha.

"Na hizi? Gari lilikuja nazo?"

Ningeweza kusema uongo. Ndiyo kazi niliyoichagua. Nikamwambia hapana, hizo ni Cragar, mtu huzinunua mwenyewe dukani, nne kwa pamoja.

"Nne," akasema Nyanya. Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la leso. "Hebu niambie, wewe uliyesoma. Stempu ya barua huko kwao ilikuwa bei gani?"