Hesabu ya Mnara Wetu

Sisi tunaoandika ni mume na mke. Tulitoka Kongo, tukakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na sasa twakaa Louisville, katika jimbo la Kentucky huko Marekani. Twataka kuwaeleza jambo lililotupata nyumbani mwetu, maana twajua kwamba wengi wenu hupokea barua kutoka kwa watoto na ndugu walioko huku, wakiomba ushauri au mchango kwa ajili ya masomo.

Binti yetu ana umri wa miaka 22. Alikuwa akifanya kazi katika ghala la kufunga mizigo, akilipwa dola 17 kwa saa. Jioni moja alituambia, “Baba, mama, nimechoka kubeba masanduku. Nataka kujifunza kazi ya msaidizi wa daktari.” Tulifurahi mno. Kazi hiyo ni ya heshima: msaidizi hupima shinikizo la damu na uzito, huuliza mgonjwa habari za ugonjwa wake, hutoa damu ya kupimwa, huchoma sindano kwa agizo la daktari, na kuandika yote katika kompyuta ya zahanati. Yeye si daktari wala si muuguzi. Lakini sisi, kwa furaha yetu, tuliwapigia simu jamaa zetu wa Nyarugusu na wa Uvira, tukawaambia kwamba binti yetu anaingia udaktari. Hilo ni kosa letu la kwanza, nasi twaliungama.

Binti alikuwa amekwisha kuona chuo. Kilikuwa chuo cha watu binafsi, chenye jengo zuri kando ya barabara kuu. Tulipokwenda, tulipokewa kwa vinywaji na maneno matamu. Masomo yalikuwa ya miezi kumi, na gharama yote pamoja na vitabu ilikuwa dola 17,800. Tulionyeshwa picha za wahitimu wenye sare safi, nasi tukamwona binti yetu miongoni mwao. Kisha tukaletewa karatasi. Serikali ya Marekani hutoa ruzuku iitwayo Pell kwa wanafunzi wa jamaa zenye kipato kidogo, na wakimbizi waliopokewa kwa sheria nao huweza kuipata. Kikomo chake kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 ni dola 7,395, wala hairudishwi. Baada ya ruzuku, zilibaki dola 10,405. Katika hizo, binti angekopa dola 5,500 kutoka serikalini, na dola 4,905 kutoka benki, nasi wazazi tutie sahihi ya udhamini.

Kalamu ilikuwa mkononi mwa baba. Kilichotuzuia hakikuwa hekima yetu. Mpokea wanafunzi alisema kwamba nafasi zingefungwa siku ile ile, na haraka hiyo ikamtia mama wasiwasi. Tuliomba tupewe siku tatu, tukarudi nyumbani. Binti alikasirika, hakula chakula cha usiku. Akasema, “Mnaogopa kila kitu.” Neno hilo lilituchoma, maana kweli tulikuwa tunaogopa.

Siku ya Bwana tulimwendea mama mmoja wa kanisa letu aliye muuguzi. Alitukumbusha mfano wa Bwana wetu wa mtu aliyetaka kujenga mnara, ambaye inampasa aketi kwanza ahesabu gharama. Kisha akaleta karatasi na kalamu, akatuambia tuhesabu kweli kweli. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza aliuliza, “Kazi hii hulipa nini?” Kwa hesabu za serikali ya Marekani za mwezi wa Mei 2024, nusu ya wasaidizi wa madaktari walipata zaidi ya dola 44,200 kwa mwaka, na nusu walipata chini ya hapo. Lakini anayeanza hawezi kutumaini mshahara wa katikati. Alitushauri tuulize zahanati iliyo karibu nasi. Tulikwenda, tukaambiwa kwamba anayeanza hulipwa dola 19 kwa saa. Tukauliza, “Je, aliyesoma chuo cha ghali hulipwa zaidi?” Msimamizi akacheka kwa upole, akasema kwamba yeye hutazama cheti cha mtihani na tabia ya mtu, wala haulizi ada iliyolipwa.

Basi tukahesabu. Dola 17 kwa saa 40 za juma, mwaka mzima, ni dola 35,360. Dola 19 ni dola 39,520. Tofauti ni dola 4,160 kwa mwaka, kabla ya kodi. Hiyo ndiyo faida ya miaka ya mwanzo.

Pili aliuliza, “Gharama ni ada peke yake?” Hapo hatukuwa tumefikiri. Binti asingeweza kusoma mchana na kufanya kazi saa 40. Angepunguza mpaka saa 24, yaani kupoteza dola 272 kila juma. Kwa majuma 40 hiyo ni dola 10,880. Tena kuna mazoezi katika zahanati, yasiyopungua saa 160 katika mafunzo yaliyothibitishwa, na kwa kawaida hayana mshahara. Ukijumlisha mkopo na ujira uliopotea, chuo kile kingetugharimu dola 21,285, bila riba. Kwa faida ya dola 4,160 kwa mwaka, ingechukua zaidi ya miaka mitano kurudisha fedha zile.

Tatu aliuliza, “Mafunzo yamethibitishwa na nani?” Katika majimbo mengi serikali haimtaki msaidizi awe na leseni, ingawa jimbo la Washington humtaka awe na idhini. Lakini zahanati nyingi hutaka cheti cha chama kinachojulikana. Chama kimoja kikubwa ni AAMA, kilichoanzishwa mwaka 1956, na njia ya kawaida ya kuingia mtihani wake ni kuhitimu katika mafunzo yaliyothibitishwa na CAAHEP au ABHES. Tulipouliza chuo kile, hatukupata jibu lililo wazi.

Mama yule akatueleza habari za Corinthian Colleges, kampuni iliyokuwa na vyuo vingi vilivyofundisha kazi hii na nyingine. Ilifunga vyuo vyake vya mwisho mwezi wa Aprili 2015, na wanafunzi wengi wakabaki na madeni. Mwezi wa Juni 2022 serikali ilitangaza kufuta madeni ya watu wapatao 560,000, jumla yake dola bilioni 5.8. Hao hawakuwa wajinga. Walikuwa watu kama sisi, waliotaka watoto wao wainuke.

Ndipo tukakitazama chuo cha umma kilicho mjini. Mafunzo yake yalikuwa yamethibitishwa, na ada pamoja na vitabu ilikuwa dola 5,900, ambayo ruzuku iliitosha yote. Ujira uliopotea ulibaki ule ule, dola 10,880. Kwa mshahara ule ule wa dola 19, fedha hizo zingerudi baada ya miaka miwili na nusu na kidogo zaidi, tena pasipo deni wala sahihi ya mzazi. Kikwazo kilikuwa kungoja miezi minne kabla ya kuanza.

Neno la mwisho la mama yule lilikuwa kwa binti mwenyewe. Alimwuliza kama anataka kudumu katika kazi hii, au ni kupita tu kwenda uuguzi. Kwa hesabu zile zile za 2024, mshahara wa katikati wa muuguzi wa daraja la chini ulikuwa dola 62,340, na wa muuguzi kamili dola 93,600. Mara nyingi masomo ya msaidizi hayahesabiwi katika uuguzi, hivyo anayetaka uuguzi yampasa aulize mapema, asije akalipa mara mbili. Binti alifikiri siku kadhaa, akajibu kwamba ataanza na usaidizi, aone kama moyo wake waweza kuvumilia wagonjwa, ndipo atafute la pili.

Alingoja miezi minne katika ghala, naye hakuacha kutuonyesha kwamba hakupenda. Sasa yumo katika mwezi wa sita wa masomo. Usiku hutufunga mkono kwa kipimo cha shinikizo la damu, akaandika tarakimu katika daftari. Juma lililopita alimwambia mama, “Mngetia sahihi ile, ningekuwa nawaza deni badala ya kusoma.”

Nasi tuliwapigia tena simu jamaa wa Nyarugusu na wa Uvira, tukawaambia kwamba si udaktari, ni kumsaidia daktari. Wengine walinyamaza kidogo. Shangazi yetu mzee akauliza tu, “Je, atawagusa wagonjwa kwa huruma?” Tukamjibu kwamba ndivyo tunavyomwombea. Akasema, “Basi yatosha.”

Wazazi wenzetu, msiwanyime watoto masomo kwa hofu, wala msitie sahihi kwa fahari. Ketini pamoja nao, ulizeni mshahara kwa mwajiri mwenyewe, hesabuni na saa zitakazopotea. Nanyi walimu, wafundisheni vijana hesabu hii kabla hawajaletewa karatasi na kalamu. Bwana awape hekima na subira.