Dawa Mbili kwa Filamu Moja

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya picha humalizika pale kamera inapolia. Sivyo, na mpiga picha mmoja wa Mkongani, huko Kwale, alijifunza jambo hilo kwa hasara.

Siku moja aliitwa kumpiga picha bibi mzee ambaye hajapata kupigwa picha maishani mwake. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Bibi aliketi mbele ya ukuta wa chokaa, amejitanda leso nyeupe, na uso wake umo kivulini mwa leso hiyo. Mpiga picha akapima mwanga wa leso, akapiga. Picha ilipochapishwa, leso ilikuwa nzuri, lakini uso ulikuwa kiza kitupu. Akapiga tena kwa mwanga mwingi zaidi. Safari hii uso ulionekana, ila leso na ukuta viligeuka weupe mmoja usio na mkunjo wala mpaka. Wajukuu walishukuru kwa adabu, wakaenda zao kimya. Lawama ingalikuwa nafuu kwake.

Adui wake alikuwa jua, na joto likamsaidia adui. Dawa ya kusafishia filamu hupimwa kwa maji ya digrii 20, na maji ya pwani huzidi hapo. Dawa ikipata joto hukimbia, na sehemu zilizopata mwanga mwingi huzidi kuwa nzito.

Ndipo alipoijua njia ya dawa mbili, ambayo Ansel Adams, mpiga picha mashuhuri wa Marekani aliyefariki mwaka 1984, aliieleza katika kitabu chake The Negative. Dawa ya kwanza ni metoli gramu 7.5 na salfaiti ya sodiamu gramu 100 katika lita 1 ya maji. Ya pili ni boraksi gramu 10 katika lita 1. Filamu hunywa dawa ya kwanza, kisha hutiwa katika ya pili, na boraksi huiamsha ile dawa iliyonywewa. Palipo na mwanga mwingi dawa hiyo huisha upesi, na kazi husimama. Palipo na kivuli huisha polepole, na kazi huendelea. Hivyo mwenye nguvu huzuiwa, na mnyonge hupewa nafasi.

Hata hivyo hakufaulu mara moja. Alitundika kanzu chini ya mwembe, akaweka chungu cheusi kando yake, akapiga filamu nzima, kisha akaikata vipande. Kipande cha kwanza alikisuza kwa maji kati ya dawa mbili. Kikatoka hafifu, kwa kuwa maji yaliiondoa dawa iliyonywewa. Cha pili alikikawiza mno katika dawa ya kwanza. Kanzu ikawa nzito kama zamani, maana salfaiti nayo huanzisha kazi kabla ya boraksi. Cha tatu alikipa dakika 3 katika kila dawa, pasipo kukisuza. Mikunjo ya kanzu ikaonekana, na mdomo wa chungu pia.

Lakini dawa haivuni kisichopandwa. Uso usiopata mwanga ndani ya kamera hauwezi kufufuliwa chumbani. Basi aliporudi kwa yule bibi, saa ile ile ya mchana, alipima mwanga wa uso, na leso akaiachia dawa mbili.

Bibi alipopewa picha aliitazama kitambo kirefu, kisha akasema, "Ala! Huyu si mama yangu?" Wajukuu wakacheka, yeye hakucheka. Aliifunga picha katika pindo la leso yake, akaingia nayo ndani.

Mpiga picha alirudi nyumbani bila kudai malipo ya safari zile mbili za mwanzo. Fundi mwema huhesabu makosa yake kuwa karo ya shule, na mvumilivu hula mbivu.